Nilimnusa Shemeji Mdomo

Baridi ya Sumbawanga ilinifanya nishone vifuniko vya blanketi vya kukinga mikono kwenye usukani wa pikipiki, nikaringa mtaa wetu wote wa Kizwite. Tangu hapo petroli ikawa inaisha haraka mno. Nikamshuku shemeji yangu, kwa sababu analala sebuleni, pikipiki inapolala. Kila alfajiri nikawa namnusa kama mbwa wa polisi.

Jana nikamwita mama mkwe. “Mama, mwanao ananyonya petroli yangu. Nimemnusa mdomo mwenyewe, ananuka!”

Shemeji akaisogelea pikipiki. Akaingiza mkono ndani ya kifuniko changu.

“Shemeji, ukiwasha asubuhi unavuta choki, hii ya kuongezea injini mafuta ikiwa baridi, halafu blanketi lako linaibana, hairudi. Injini inabugia mafuta kutwa. Sebule nzima inanuka petroli, hata wewe unanuka.”

Mama mkwe akanisogelea. “Haya, baba. Ninuse na mimi, usije ukabaki na wasiwasi.”