Hori la Twiga

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi moja hapa Garissa nikingoja kibali cha safari. Mbele yangu mzee mfugaji alikuwa akiomba kibali cha kutoka kijijini, kule yeye na wenzake walikozungushiwa seng'enge kwa sababu ya vita na waasi wa shifta.

"Waenda wapi?" karani akamuuliza.

"Kisimani."

"Si ngamia wako wanakunywa humo humo kijijini?"

"Ngamia iko sawa, bwana. Ni twiga."

Karani akaweka kalamu chini. Mzee akavuta kamba hewani kwa mikono miwili, kumwonyesha kina cha kisima. Kwao, ngamia wakishashiba, hori hujazwa tena kwa ajili ya wanyama wa porini.

"Sasa sisi yote iko ndani. Nani tachota maji ya twiga?"

"Na shifta wakiyanywa, mzee?"

Kibali hakikutoka.

Jana nikapita kijijini kwake. Mzee amelisukuma hori la ngamia wake chini ya seng'enge, nusu ndani, nusu nje, na kulijaza maji ya mgao wake. Twiga hajafika bado, ila digidigi wawili walikuwa wakinywa. Nikamsalimu askari wa zamu. Akanikunjia uso, kidole mdomoni.

"Polepole," akanong'ona. "Utawafukuza."

Wilaya nzima, hao tu ndio ambao sijawaona wakiulizwa kibali.