Salamu Maria Moja kwa Beringi Moja

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio na kitambaa, nikaambiwa nisiguse kitu chochote kinachozunguka. Nyumba ya mtambo ilikuwa bondeni, chini ya misheni moja ya huko Iringa. Kuta zake zilikuwa za mawe, na mto ulipita chini ya sakafu, hata ukisimama pekupeku unausikia kwenye nyayo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa binti niliyeishia darasa la pili, na baridi ya Juni ilikuwa imenipasua visigino. Nilipoingia tu, kelele ya ule mtambo ikanishika kifuani. Haijaniachia mpaka leo, na mtambo wenyewe haupo tena.

Nieleze kidogo, maana ninyi umeme mmeukuta ukutani. Maji yalishuka kwenye bomba nene kutoka juu mlimani yakapiga gurudumu la chuma. Gurudumu likavuta mkanda mpana wa ngozi, mkanda ukazungusha jenereta. Mhimili wa gurudumu ulilalia beringi mbili, yaani vikalio vya chuma vilivyopakwa ndani madini meupe laini, na juu ya kila beringi kulikuwa na kikombe cha oili kinachodondosha tone moja moja. Ukutani palikuwa na usukani wa kufungulia maji. Ukiufungua zaidi, mtambo unaongeza kasi. Kwenye jenereta kulikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa mizunguko elfu moja kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi waliyoipa walioitengeneza.

Mkubwa wetu alikuwa Bruda Mkuu wa Karakana, jina lake Anselmi, mtu wa Ubena, mrefu, asiyepandisha sauti. Chini yake alikuwepo mtia oili, Fabiano, mwenye watoto sita. Nawakumbuka wote kwa majina: Koleta, Batista, Yusta, Remi, Alfonsi na kitindamimba Imelda. Fabiano alikuwa mzito wa maneno. Watu wa karakana walimtania kwamba ukimsalimia “kamwene” asubuhi, ataitikia mchana. Naye alicheka, ila alichelewa kucheka pia, na hapo wao ndipo walipocheka zaidi.

Kipimajoto cha mtambo kilikuwa kimevunjika zamani, na kipya hakikupatikana. Kwa hiyo Bruda alikuwa na kipimo chake. Unaweka kiganja juu ya beringi, unasali Salamu Maria moja. Ukifika Amina na mkono bado upo, beringi ni nzima. Ukiutoa katikati, punguza maji. Ukiutoa mwanzoni kabisa, funga maji yote na uniite.

Fabiano hakupewa kazi hiyo. Batista seremala, si yule mtoto, alisema Fabiano akisali mpaka Amina kiganja kitakuwa kimeiva cha kula. Baada ya mwaka wa kufagia nikapewa mimi. Bruda alikuwa ameona kwamba nikipita karibu na beringi na ufagio wangu, nageuza uso kwenye joto kabla yeye hajalisikia.

Kipimo cha kasi nacho hakikuwepo. Tulitumia saa ya ukutani ya Sista Mkuu wa Hospitali. Ilikuwa saa ya umeme, haina ufunguo wala betri, ilikwenda kwa kuhesabu mizunguko ya jenereta yetu. Mtambo ukikimbia, saa inawahi. Mtambo ukichoka, saa inachelewa. Bruda aliilinganisha na saa yake ya mfukoni. Ikiwahi dakika moja kwa kila saa moja, tulisema mtambo uko dakika moja. Ikiwahi mbili, uko dakika mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yetu.

Basi hospitali ikapata jiko jipya la umeme la kuchemshia vyombo vya upasuaji. Waya wa kutoka bondeni hadi kilimani ulikuwa mrefu, na umeme ulifika huko umechoka. Vyombo vilichukua saa nyingi kuchemka. Sista Mkuu akateremka mwenyewe, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akamwambia Bruda, “Daktari ananingoja mimi, mimi nangoja maji, na maji yanakungoja wewe.”

Bruda akaamua kuupandisha mtambo juu ya kasi ya kibao, ili umeme ufike kilimani na nguvu. Nataka mwelewe alivyofanya, maana hakufanya kama mtu anayecheza. Kwanza alisafisha mfereji wa maji baridi uliopita pembeni ya beringi, akasema hakuna kuongeza kasi mahali ambapo hujaongeza njia ya joto kutoka. Akabadilisha oili. Akaandika ukutani kwa chaki mahali usukani ulipokuwa, ili tujue pa kurudi. Halafu tukaongeza robo ya mzunguko wa usukani, basi. Siku nzima tukaiacha hapo, huko juu wakawasha kila kitu kwa pamoja, jiko, pampu, taa na pasi za masista, kwa sababu mtambo usio na mzigo haukuambii ukweli. Kesho yake robo nyingine. Hakubadilisha vitu viwili siku moja. Nilipomuuliza sababu alinijibu, “Getruda, ukitia chumvi na ndimu pamoja, mboga ikiharibika utalaumu kipi?”

Tukafika dakika moja, ikawa sawa. Mbili, sawa. Tatu, beringi ikawa na joto lakini nilifika Amina. Shuleni kengele ilifuata saa ya Sista, kwa hiyo watoto wakawa wanatoka mapema, wakinipita njiani wananiita Mama Likizo.

Jumatano jioni Bruda aliniambia, “Kesho tunajaribu dakika nne. Ikikubali, tutashuka nusu na kukaa hapo. Na Jumatatu naandika jina lako kwenye ubao wa zamu.” Ubao wa zamu ulikuwa na majina ya waendesha mtambo, na hapakuwahi kuwa na jina la mwanamke. Sikulala vizuri. Nilikuwa naliona jina langu limeandikwa kwa chaki, G kubwa mbele.

Kesho yake Bruda alikuwa kilimani na mita yake ya volti. Mimi nilikuwa bondeni, na Fabiano na kopo lake la oili. Tulikubaliana ishara. Nikitundika kitambaa cheupe mlangoni, beringi ni nzima, waongeze mzigo. Nikitundika chekundu, waondoe mzigo haraka. Nikafungua robo ya mwisho. Sauti ya mtambo ikapanda, kama mtu anayeongea huku anapanda mlima. Nikaweka mkono.

Nilijua kabla sijafika nusu. Joto lilipanda kwenye vidole, likaingia kwenye kifundo cha mkono. Na mimi nikakimbiza sala. Maneno niliyafunga moja kwenye lingine, nikapita “sisi wakosefu” kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa, nikafika Amina na mkono ungali pale. Nikatundika kitambaa cheupe.

Haikupita nusu saa. Taa ikaanza kupumua, inang’aa, inafifia, inang’aa. Mkanda ukawa unapigapiga. Kukanukia kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Nilikimbilia usukani kufunga maji, lakini beringi ilikuwa imekwisha kuyeyuka ndani na mhimili umeng’ang’ania. Kisha kimya. Nilikuwa sijawahi kuusikia mto peke yake mle ndani.

Siku tisa hospitali ilikaa kwa karabai na kuni. Bruda na Fabiano walifungua kila kitu, wakamimina madini mapya kwenye beringi, wakaikwangua kwa mkono mpaka ikakaa. Halafu Bruda akaanza kutafuta chanzo. Aliurudisha mtambo kwenye alama ya kwanza ya chaki, kasi ya kibao. Ukatulia. Akajaribu mkanda peke yake, haukuwa na kosa. Akajaribu mzigo peke yake, akaangalia maji, akachuja oili kwa kitambaa atafute mchanga. Hapakuwa na kitu. Kasi hakuishuku, maana kitambaa kilikuwa cheupe. Kila alichokigusa kilikuwa kizima, na kila alipoandika kimoja kuwa kizima, kidole kilisogea upande wa Fabiano. Kilichobaki kilikuwa kudhani kwamba kikombe cha oili kilikuwa kikavu siku ile.

Bruda alimuuliza mbele yetu. Fabiano akajibu, “Nilitia.”

“Beringi imejiunguza yenyewe?”

Watu wakamngoja Fabiano. Walifikiri ni ule uzito wake wa maneno, kwamba jibu linakuja, na jibu halikuja. Bruda akamwambia Jumamosi achukue mshahara wake na barua ya kuachishwa kazi. Nikawahesabu kimoyomoyo: Koleta, Batista, Yusta, Remi, Alfonsi, Imelda.

Ijumaa nilimkuta Bruda karakana, anapiga tupa kipande cha chuma.

“Bruda, Fabiano alitia oili. Nilikiona kikombe kinadondosha.”

“Kwa nini beringi iliungua?”

“Kwa sababu nilisali haraka.”

Akaweka tupa chini. Akatoa saa yake ya mfukoni, akaniambia niweke mkono juu ya meza nisali kama nilivyosali siku ile. Nikasali. Akasema, “Sekunde saba.” Akaniambia nisali ninavyosali siku zote. Nikasali, machozi yananishuka. “Kumi na sita.”

Akaangalia saa muda mrefu, kama vile yenyewe ndiyo iliyokosa. “Ulijua?”

“Nilijua. Nilitaka jina langu liandikwe.”

“Na mimi ndiye niliyekuahidi usiku wa kuamkia kipimo,” akasema. “Nilimpa kipimo mtu mwenye hamu ya jibu. Hilo ni langu. Kitambaa cheupe ni chako. Jumatatu utarudi kwenye ufagio.”

“Na Fabiano?”

“Fabiano nitakwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, mbele ya watoto wake.”

Alikwenda kweli. Mimi nilimkuta Fabiano kesho yake mtoni anasuuza kopo la oili kwa mchanga. Nikamwambia anisamehe. Akaendelea kusuuza, akaligeuza, akalitazama ndani.

“Niliona midomo yako siku ile,” akasema. “Ilikuwa inakimbia.”

“Kumbe ulijua. Mbona hukusema?”

Akalijaza kopo maji, akalimwaga, ndipo akajibu. “Nilikuwa nangoja ufike mwenyewe.”

Nilifagia miezi minane. Mtambo ulikaa dakika mbili na nusu, na haukuyumba tena miaka yote niliyokuwepo. Nilipopewa tena kupima, Bruda aliagiza nisali kwa kuimba, kwa ule mwendo wa masista wa jioni, kwa sababu wimbo hauwezi kuukimbiza bila watu kusikia. Ndivyo nilivyopima mpaka mwisho. Jina langu liliandikwa kwenye ubao, G kubwa mbele. Aliyeniletea chaki ni Fabiano.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nikahamishiwa Mbeya, kwenye mashine ya kusaga ya Uyole iliyokwenda kwa dizeli. Meneja alikuwa mtu wa haraka, foleni ya akina mama na madebe yao ikifika barabarani ananiambia, “Mama, kaza kidogo.” Nilikaza kidogo, kwa robo, na mkono juu. Baadaye nilikaa Makongolosi kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Msimamizi wa huko alinicheka nikiimbia chuma. Kinu cha jirani yake kilipasuka puli, cha kwetu hakikupasuka, akaacha kunicheka. Lakini niseme kweli, huko kote nilikuwa nafanya kazi tu. Bondeni nilikuwa naishi.

Bruda Anselmi alizeeka akazikwa Ubena. Fabiano alitangulia kabla yake, na habari ilinifikia Makongolosi mwezi mzima baadaye. Umeme wa gridi ulipofika misheni, mtambo ulifungwa. Nilirudi mara moja kuuona. Bomba limeng’olewa, ukutani bado kuna alama ya chaki ya Bruda, au nilitaka kuiona. Pale palipokuwa na beringi nikaweka mkono. Jiwe lilikuwa baridi. Nilifika Amina, nikaanza tena.

Siku hizi nakaa Ilomba kwa mjukuu wangu Tumaini, ambaye ana kompyuta kubwa ya mezani, anatengeneza video za harusi. Juzi aliiongeza kasi ile prosesa, ubongo wake, ipite ile iliyotoka nayo kiwandani, ili amalize kazi mapema. Ikawa inazimika katikati ya maharusi. Akawa anagombana nayo.

Nikamuuliza ameongeza vitu vingapi. Akasema kasi, umeme wa prosesa na mwendo wa memori, vyote siku moja. Nikamwambia arudishe vyote vilipoanzia na aandike pa kurudi. Akanishangaa, lakini akarudisha. Ikatulia. Akafungua ubavu, feni ilikuwa na vumbi kama blanketi, akaipiga brashi. Halafu akapandisha kasi hatua moja, akaipa jaribio la kuitoa jasho saa nzima, akitazama joto kwenye kioo. Ikakubali. Hatua nyingine, ikakubali. Alipogusa memori, ikazima. Akairudisha memori, akaacha mengine, akashuka hatua moja chini ya pale ilipokuwa inaweza. Inakwenda mpaka leo.

Yeye anavyo vipimo vya kila kitu, namba zinaruka kwenye kioo, hanihitaji. Hata hivyo alipokuwa anaijaribu niliweka kiganja pale juu inapotokea hewa ya moto, nikaanza kusali. Sikuimba. Nilisali kwa mwendo wa Fabiano, neno, kimya, neno.

“Bibi, imeshapita kipimo,” Tumaini akasema. “Unaweza kutoa mkono.”

Nikamwambia aniache kwanza, sijafika.