Ndama wa Mwalimu Ngendo

Mwaka wa 1974, Mwalimu Ngendo wa shule moja ya Tetu alipata barua kutoka kwa wachapishaji wa Nairobi. Walitaka vitabu vya watoto, lakini kila mwandishi apeleke muswada mmoja tu. Yeye alikuwa na mitatu: ngano za wanyama, kisa cha wezi wa kahawa, na hadithi ya ndama aliyepotea.

Akamwuliza Gicheru, mwalimu mwenzake. "Peleka wanyama," akasema. "Ati nani atanunua ndama?" Mumewe akasema wezi.

Basi Ngendo akawasomea wanafunzi wake. Wanyama waliwachekesha, wezi wakawapigisha kelele. Alipofika kwa ndama, darasa lilinyamaza kabisa. Ngendo akaona haya, akafunga daftari kabla ya mwisho.

Jioni Kabura, msichana asiyezoea kusema, akamfuata hadi langoni. "Mwalimu, huyo ndama alipatikana?"

"Alipatikana."

"Na mama yake alimjua?"

Hilo Ngendo hakuwa ameliandika. Aliongeza ukurasa mmoja, akampeleka ndama posta ya Nyeri huku moyo ukimwambia amekosea.

Baada ya miezi mitatu jibu likaja: wameipenda hadithi, wataichapisha. Ila waliuliza, ni ya watoto wadogo au wakubwa? Ngendo alijua tu kwamba Kabura ana miaka tisa, na kwamba mumewe, aliposoma ule ukurasa wa mwisho, alitoka nje akajifanya anatazama ng'ombe.