Waya Niliyoitoboa kwa Sindano

Nakumbuka siku moja ya mvua pale Nateete, mwanangu, siku niliyomwita mtu mwizi mbele ya gereji nzima, na mtu huyo hakuwa ameiba hata nati. Nakwambia kosa langu mapema ili usikae ukisubiri nijitetee. Sina cha kujitetea. Kaa hapo kwenye tairi, weka hiyo simu mfukoni, unisikilize.

Wakati ule sijafika miaka thelathini. Magari yenye kompyuta yalikuwa yameanza kujaa Kampala, na mafundi wazee walikuwa wakiyakwepa. Mimi niliyapenda. Nilijifunza ile mashine ya kupima, unaichomeka chini ya usukani, inakuandikia namba ya tatizo. Kwa kuwa pale gereji niliijua peke yangu, nikavimba kichwa. Watu waliniita Daktari, nami nikaitika, mjinga mimi.

Mwenzangu alikuwa Okello. Tulikulia pamoja kwenye kambi ya polisi, baba yangu Mnubi, baba yake Mwacholi wa kaskazini, wote askari. Sikukuu ya Idi alikula kwetu, Krismasi nikala kwao. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Mzee Ramadhani, mwenye gereji, nikamwombea kazi. Alikuwa na subira ambayo mimi sikuwa nayo. Alikuwa pia na mke na mtoto mchanga huko Kawempe, na kazi ile ndiyo iliyowalisha.

Mzee Ramadhani alikuwa na katazo moja tu. "Musa, usitoboe waya. Ukitaka kupima, fungua soketi, upimie pale." Lakini soketi nyingi, pale waya zinapoungana, zimekaa pabaya, mwanangu. Unalala chini, matope yanakuingia shingoni, kile kibano cha plastiki kinakukatikia mkononi. Sisi vijana tulikuwa na njia yetu. Unachukua sindano ya kushonea, unaichoma kwenye waya mpaka iguse shaba, unapima, unachomoa. Dakika moja. Kitundu chenyewe hukioni hata ukikitafuta, basi nani atajali?

Mwalimu mmoja wa Lubaga, tuliyezoea kumwita Maama Nakato, akaleta gari lake, taa ya injini inawaka. Nikachoma sindano yangu kwenye waya ya sensa ya chini, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Sensa ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwingine, nikalimaliza, mama wa watu akaondoka anacheka.

Wiki chache baadaye mvua zikaanza. Gari likamzimikia akipanda kilima cha Lubaga, watoto wa shule wamejaa ndani, lori nyuma yake linapiga honi. Wakalivuta mpaka kwetu. Nikachomeka mashine, ikaandika namba ya sensa ile ile. Nikasema sensa imekufa. Okello akatumwa kununua mpya, akaifunga kwa mikono yake. Siku ya nne ikanyesha tena, gari likazima tena, namba ile ile.

Maama Nakato alisimama katikati ya gereji, amelowa, akauliza kila mtu akisikia, "Daktari, mara hii ni nini?"

Hapo ndipo roho yangu mbaya ilipojitokeza. Sikutaka kusema sijui. Nikaichomoa sensa, imejaa matope kama kitu chochote kilichokaa chini ya gari siku nne za masika, nikaiinua juu.

"Hii ndiyo mpya? Okello, sensa mpya umepeleka wapi?"

Watu wakacheka wakidhani natania. Okello akaweka spana chini.

"Musa, ndugu yangu, hiyo ndiyo nilifunga. Gari hii inakufa mvua ikinyesha tu. Jua ikitoka inapona. Fungua soketi tuangalie maji."

"Wewe unanifundisha kazi? Mashine imesema sensa!"

"Mashine imesema haisikii sensa. Kwa nini, hiyo haijasema."

Alikuwa amenipa jibu lote, mwanangu, lote, nami nikaona ananidhalilisha. Nikamwita mwizi, nikamtajia kwao alikotoka, nikatukana watu wa kaskazini wote, mimi niliyelishwa na mama yake. Mzee Ramadhani akaniuliza, "Una hakika?" Nikaapa. Nilitaja jina la Mungu kwa jambo ambalo sikulijua. Okello akavua ovaroli, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi, akatoka kwenye ile mvua.

Tukafunga sensa nyingine. Basi jua likawaka wiki tano mfululizo, na gari likaenda kama limetoka kiwandani jana. Watu wakasema Daktari aliona. Na mimi nikajiamini kabisa, nikasahau hata kujiuliza. Habari ilizunguka Nateete yote, na hakuna gereji iliyomfungulia Okello mlango.

Mvua ziliporudi, gari likazima. Safari hii nililala chini bila maneno, nikafungua soketi. Maji yakanidondokea usoni. Pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Lakini raba ya kuzuia maji ilikuwa nzima, haina hata ufa. Sasa yameingilia wapi? Nikaifuata waya kwa vidole, kidogo kidogo kwenda juu, nikaibonyeza, na tone la kijani likachomoza. Kitundu cha sindano yangu. Maji ya barabarani yalikuwa yakiingia pale, yakitambaa ndani ya ganda la waya mpaka kwenye soketi. Banange! Nililia chini ya gari lile kama mtoto.

Nilikata kile kipande cha waya nikaenda nacho Kawempe. Nilimkuta Okello analinda geti la duka la mabati, amevaa sare iliyompwaya. Nikamweleza yote. Aligeuzageuza ile waya mkononi.

"Umekuja kuniambia mimi," akasema. "Mimi nilijua siku zote sikuiba. Wale wengine umewaambia?"

Nikasema nitawaambia kesho.

"Kale, sawa. Ukishawaambia, uje tunywe chai."

Kesho yake mchana tulikuwa wote tunakula, Mzee Ramadhani yupo, mafundi wote wapo. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ile gari ya mwalimu, kumbe waya ilikuwa mbovu." Wakasema, ala, wakaendelea kula. Sikutaja sindano. Sikumtaja Okello. Niliogopa kwamba tangu siku ile hawataniita Daktari tena, na kwa ajili ya jina hilo la kipuuzi nikalimeza jina la rafiki yangu. Nikajiambia nitasema wiki ijayo. Mzee Ramadhani akafa, mafundi wakatawanyika, wiki ijayo haikufika. Ile chai sikuinywa.

Mwaka jana Okello alifariki, na mpaka anaugua alikuwa bado mlinzi wa geti. Nilikwenda msibani. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, fundi mmoja wa zamani wa Nateete akaniinamia, akauliza kwa sauti ambayo yeye aliidhani ndogo, "Huyu si yule mwizi wa sensa?" Mjane wa Okello alikuwa hapo karibu anagawa maji. Najua alisikia, kwa sababu alisimama na jagi mkononi, hamimini. Aliniangalia mimi. Alijua kila kitu, mumewe alimweleza. Na mimi, mzee mwenye mvi, nikaangalia viatu vyangu.

Basi shika haya, mwanangu. Gari likizima kwenye mvua na kupona kwenye jua, usikimbilie kununua sensa, tafuta maji. Fungua soketi hata kama imekaa pabaya, ikaushe, safisha pini, uifuate waya mpaka mwisho wake. Usiitoboe. Na kama umeshaitoboa, izibe, umwambie mwenye gari. Mashine ikikuandikia namba, kazi yako ndiyo kwanza inaanza. Kabla hujamtaja mtu, kumbuka wewe mwenyewe uligusa nini. Na ukimchafua mwenzako hadharani, usimfuate kwake kumnong'oneza samahani. Rudi kwa wale wale waliokusikia, siku hiyo hiyo, kwa sababu watu wanahama, watu wanafariki, na wengine wanaondoka na uongo wako.

Kesho naenda Kawempe kwa mjane wa Okello, na sijui kama atanifungulia. Leo naanza na nyinyi mafundi wa hapa. Zimeni hiyo kompresa, acheni spana, sikieni wote: Okello hakuiba sensa. Waya niliitoboa mimi, Musa, kwa sindano ya kushonea, na kukatazwa nilikuwa nimekatazwa.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono yenye subira kama ya Okello. Akupe ujasiri wa kusema kosa lako watu wakiwa wengi, na siku utakapokwenda kuomba msamaha, akukutanishe na mwenyewe akiwa hai, maji ya chai yakiwa jikoni.