Moshi Nyumbani kwa Wafula

Mwanangu, iko siku moja ya baridi pale Kitale ambayo nikiikumbuka, hata leo na mvi zangu hizi, damu hunichemka.

Nilikuwa msichana, naishi kwa baba mdogo, Wafula. Alikuwa anaitengeneza upya nyumba aliyoachiwa na babu, na humo ndani aliishi mama yake, bibi yetu tuliyemwita Kukhu, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Mvua ilinyesha kutwa. Sebuleni tulikuwa na jiko la chuma la kuni, lenye bomba la kupeleka moshi juu ya paa. Mafundi walikuwa wameling'oa bomba hilo ili wabadilishe mabati, na madirisha yasiyo na vioo yakazibwa kwa nailoni.

Wafula akaliwasha jiko hivyo hivyo! Kukhu akamwita kutoka chumbani, "Wafula, moshi utapitia wapi?"

"Mama, vumilia kidogo bana. Plasta lazima ikauke. Wakwe wanakuja Jumamosi."

Akasukumia ndani vipande vya milango ya zamani, vingine bado vina rangi, akafunga mlango, akaenda zake mjini kutafuta vigae. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia?

Shangazi Nekesa, dada yake, alifika mchana akitoka soko la Ndalu, nikatoka kwenye jiko la nje, nilikokuwa napika, kumpokea. Aliona moshi ukipenya chini ya mlango, akatupa kikapu chake matopeni. Tulimkuta Kukhu kitandani, amelegea, haitiki. Tulimburuta na blanketi lake hadi barazani. Nilidhani tumemkosa. Kisha akakohoa, akatapika, akaomba maji. Nililia kwa sauti.

Wafula aliporudi akasema, "Ati moshi kidogo tu ndio mnapigia kelele?"

Shangazi alimsogelea mpaka usoni. "Kidogo? Mama karibu akufe! Hii nyumba unajengea nani, Wafula? Wakwe wataingia waone ukuta mzuri na maiti ndani?"

Shangazi alimchukua Kukhu kwake Tongaren siku iyo hiyo, na Kukhu hakukubali tena kurudi. Alimaliza miaka yake huko, kwenye nyumba ya udongo, akipumua vizuri.

Nyumba njema si mlango, mwanangu. Ndiyo maana niliposikia nawe umefunga madirisha, umeleta jiko ndani na watoto wamelala humo, nilikasirika, na sikuombi radhi. Ukikarabati, bomba la moshi litangulie moto. Kuni ziwe kavu, mbao za rangi zikae mbali. Dirisha liachwe wazi japo baridi iingie. Na mzee akiuliza moshi utapitia wapi, simama umjibu.

Mungu aibariki nyumba yako, na wote wanaolala humo waamke wazima.