Mnara wa Ng'ambo ya Ziwa

Ilikuwa mwaka wa 2022. La, nimekosea. 2022 ndio mwaka mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, na Morris alikuwa bado anapanda mlima bila kupumzika. Hii ni ya 2024, baada ya zile mvua kubwa. Elsie, mkewe, huikumbuka kwa migomba: yote ilikuwa imelala chini siku walipofunga mlango kwenda India.

Elsie ni mkulima wa Chala, upande ule ambao ukisimama shamba la juu unaona ziwa, na ng'ambo yake Tanzania. Simu za kule zina vituko. Unapalilia migomba yako, hujavuka hata uzio, mara ujumbe unaingia: Karibu Tanzania. Mnara wa ng'ambo umekunyakua, na kabla hujanyoosha mgongo bando lote limelambwa. Kwa hiyo watu wa Chala wamejifunza kufunga ile sehemu inayoitwa roaming, ambayo huiruhusu simu kuomba mtandao kwa wageni. Elsie huifunga bila kufikiria, kama anavyosukuma komeo la banda la kuku akipita. Simu ikizimwa ikawashwa, kidole chake huenda pale kwanza.

Morris alikuwa na valvu ya moyo iliyochoka. Kanisa lilichanga, ndugu wakachanga, na hospitali moja ya Mumbai ikakubali kumpokea. Kadi yake ya simu Elsie alimwachia binti yao Lynn, maana michango ilikuwa bado inaingia kwa nambari ile. Halafu akaenda Voi kwa Geoffrey, fundi wa simu karibu na soko, amtafutie mtandao wa safarini.

Geoffrey alimwambia aelekeze kamera kwenye mraba wa madoadoa uliokuwa kwa kompyuta.

"Hii ni eSIM, mathe. Laini bila kadi. Imeingia tayari, lakini imelala. Ukishuka India unaiamsha."

"Na ikikataa kuamka?"

"Haikatai. Lakini sikia: usiifute. Ukiifuta, huu mraba haukubali mara ya pili. Na roaming uiache wazi."

Elsie aliitikia yote. Lililomkaa kichwani lilikuwa moja, la kutofuta.

Mumbai, mtu wa uwanja wa ndege alimsukuma Morris kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye viti vya karibu na mlango wa kutokea, akamsaidia kuhamia hapo, akaitwa kwingine na kiti chake. Dereva wa hospitali alikuwa ameahidi kutuma ujumbe wa WhatsApp kusema amesimama mlango gani. Nambari yake hawakuwa nayo. Elsie aliwasha simu, akaiamsha ile laini, na mistari ya mnara ikasimama yote. Akashukuru Mungu. Kisha akakaa akingoja.

Hakuna kilichoingia.

Nje ya vioo watu walikuwa wamebanana kama siku ya mnada. Elsie alimwendea askari wa mlangoni, akamwonyesha kwa mikono kwamba anataka kuchungulia tu na kurudi. Askari akatikisa kichwa, akaashiria nje, kisha akaweka kiganja kama ukuta. Ukitoka, umetoka. Amwache Morris ndani, ama amtoe kwenye joto lile wakatafute mlango wasioujua?

Alirudi akamkuta Morris ameinamia magoti. Midomo ilikuwa imeanza kupata rangi ya majivu.

"Baba Lynn."

"Nipo. Mtu hafi kwa kungoja gari," Morris akasema, lakini alilazimika kuyakata maneno vipande vipande ili apumue.

Jirani yao wa kwenye ndege, Nashon, fundi wa mitambo katika shamba la mkonge, alikuwa anamngoja bintiye aje amchukue. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, lakini maarifa hayakuwa yameisha.

"Leta nione, mama. Umeshajaribu intaneti ya bure ya hapa?"

"Inataka kunitumia nambari za siri kwa laini yangu. Laini iko Chala na Lynn."

"Basi hii eSIM imeingia vibaya. Mtambo ukigoma unaufungua wote, unaanza upya. Tufute, tuweke tena."

"Nimeambiwa nisifute."

"Na nani?"

"Fundi wa Voi."

"Fundi wa Voi yuko hapa? Mzee anazimika, mama! Bonyeza hapo."

Neno la kufuta lilikuwa limeshatokea kwenye kioo, jekundu. Kidole cha Elsie kilikaa juu yake. Aliangalia midomo ya Morris, akaangalia lile neno. Kisha akairudisha simu nyuma, akaizima, akaiwasha tena, kwa kukosa la kufanya.

Ikawaka. Kidole kikaenda pale kinapoenda siku zote, kikafunga.

Morris alikuwa anaangalia.

"Mama Lynn. Umefunga nini hapo?"

"Ile ya mnara."

"Mnara upi?"

"Wa ng'ambo. Si italamba bando?"

Morris akavuta pumzi, akangoja kifua kitulie. "Ng'ambo si ndio hapa tulipo? Sasa unamfungia nani?"

Elsie alimtazama kama mtu aliyeshikwa akijifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Akafungua roaming. Simu ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kutetemeka mkononi, ujumbe juu ya ujumbe, zote za dereva, kwa Kiingereza.

Niko mlango wa nne. Mama, mko wapi? Mama, tafadhali. Na wa mwisho, uliotumwa kitambo: Nimeitwa kuchukua mgonjwa mwingine, siwezi kungoja zaidi, naondoka.

Elsie hakuusoma huo kwa sauti. Alimshika Morris kwapa moja, Nashon akashika lingine, wakampita askari, wakaingia kwenye joto na zile kelele. Ukitoka, umetoka. Njia nzima Elsie alikuwa anaomba kimoyomoyo.

Mlango wa nne, dereva alikuwepo. Mtu mfupi, shati limelowa jasho, ameinua juu ya vichwa vya watu karatasi yenye jina la Morris. Alipowaona alicheka, akasema maneno ya kwao, akafungua gari.

Valvu ilibadilishwa. Morris sasa hupanda tena shamba la juu, polepole, na Elsie amerudia kufunga roaming. Lakini ule ujumbe wa mwisho Morris aliusoma baadaye, akiwa kitandani hospitalini, na tangu hapo hachoki kuuliza. Alimuuliza Elsie, akamuuliza Nashon siku alipokuja kumjulia hali, akamuuliza hata pasta: yule mtu alishaandika kwamba anaondoka, na sisi tulikuwa kimya, hajui kama tumefika ama tumekufa njiani, alikuwa anangoja nini?