Chumvi ya Mkuki

Tik. Kimya. Halafu tik tena. Hata leo nikiwa peke yangu jikoni hunijia ile sauti ya gamba la kutu likidondoka kwenye sinia la enameli. Mkuki wa kale ulikuwa ukijimaliza wenyewe kidogo kidogo, nami nilijiapia kuwa hautakwisha mbele ya macho yangu.

Ulikuwa kichwa cha mkuki tu, mpini ulishaoza zamani. Ulichimbuliwa upande wa kusini, njia ya Makunduchi, ukaletwa mjini kwenye nyumba ya makumbusho nilikopata kazi ya kuosha vigae vya vyungu vya kale. Madarasa yangu yalikuwa machache, lakini kwa ndoto sikuwa maskini. Nilikwishampa mwenye mkuki ule sura, mke, na ng'ombe wa maziwa.

Aliyekuwa akivichunguza vyuma ni Bwana mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mtoto wa muuza nguo. Alisogeza sumaku juu ya mkuki, ikavutwa.

"Ndani bado mna chuma kizima," alisema. "Ila umekunywa chumvi ardhini, na hiyo chumvi ndiyo inayoubambua. Tutaitoa kwa maji ya mvua. Ikitoka, nitakata kipande kama ukucha pale shinani, nitazame ulivyofuliwa. Masika yakiisha na chumvi ingalimo, nitaupasua katikati, tuone kilichomo kabla haujawa unga."

"Hautapasuliwa, Bwana."

"Nani kakwambia?"

"Mvua."

Akacheka.

Basi asubuhi nakinga maji yanayoshuka kutoka paani, nayachemsha katika sufuria ya shaba, yakipoa naulaza mkuki ndani. Jioni yeye huchota kidogo katika gilasi, akadondoshea dawa ya fedha, ile iliyomwacha na vidole vyeusi kama bibi harusi aliyetiwa piko. Maji yakigeuka tui, chumvi bado imo. Yakageuka tui. Kesho yake, tui. Mvua zikaanza kupungua nje, na tui ndani ya gilasi halipungui.

Asubuhi moja alinikuta ndio kwanza nimeipua sufuria.

"Leo tuyapime maji yenyewe, hayajaonana na mkuki," alisema. "Ilinipasa nianzie hapo."

Akadondosha dawa. Tui. Tukayapima ya kwenye ndoo, kabla ya kuchemshwa. Safi kabisa. Nikaimwaga sufuria, nikaiinamia. Ilimeta kama dhahabu, na ilinukia ndimu.

Vyombo vya pale vikisafishwa na bibi mmoja wa Tumbatu, ambaye chombo kilichofubaa kilimkosesha raha. Nikamwita.

"Naam," akaitika, akaja na ufagio wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Hii sufuria unaisugulia nini?"

"Ndimu na chumvi. Kwani shaba husuguliwa kwa nini? Au mlitaka huyo mgeni wenu aoge katika chombo cheusi? Kila jioni nnaisugua na kuipangusa kwa kitambaa, wala sikungoja asante."

Bwana alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Bibi, sisi tunamtoa chumvi mchana, kumbe wewe unamtilia jioni."

Bibi hakucheka. Alivitazama viganja vyake. "Basi sisugui tena chombo hapa. Si sufuria, si kijiko."

"Sufuria hii tu, Bibi," nikasema.

"Nshasema."

Na kweli hakusugua. Hata dele lake mwenyewe la kahawa, la shaba, alilokuwa akitutilia nalo kila asubuhi, aliliacha likageuka rangi ya udongo. Kahawa tulipata. Maneno yake matamu ndiyo tuliyonyimwa.

Nikahamia sufuria ya enameli. Tui likawa jepesi, likawa ukungu, na kwa maji ya mvua za mwisho mwisho, gilasi ikabaki gilasi. Bwana akaukausha mkuki kwa moto wa taratibu, akaulaza kwenye sinia. Nikatega sikio asubuhi nzima. Kimya.

Akakata ule ukucha wake pale shinani, akaung'arisha, akauweka chini ya hadubini na kuniita. Niliona mistari myeupe na myeusi imelaliana kama tabaka za chapati.

"Mhunzi aliukunja akaugonga, akaukunja tena," alisema.

"Mhunzi wa hapa hapa?"

"Ukucha mmoja haunambii hilo. Ila mvivu hakuwa."

Mkuki ukapakwa nta, ukaingia kabatini mzima. Bwana akenda kula, Bibi akenda kuswali adhuhuri.

Nililishusha lile dele rafuni. Nikapasua ndimu, nikaichovya kwenye chumvi, nikasugua mpaka nikajiona pua. Nikalisuuza, nikalifuta kwa upindo wa kanga yangu, nikalirudisha mahali pake, mdomo wake ukitazama mlango atakaoingilia Bibi.